Wenye Historia na Waandishi wa Historia: Fundisho la Vikundi vya Usukuma kwa Washarika wa Maswa

Mwinjili Luka anaifungua Injili yake kwa maneno ambayo kila kamati ya kitabu cha jubilei ingefaa kuyasoma kabla ya kushika kalamu (Luka 1:1-4). Anakiri kwamba wengine wameandika kabla yake. Anaeleza kwamba habari zenyewe zilitoka kwa watu walioona kwa macho yao, na kwamba yeye amezifuatilia kwa uangalifu tangu mwanzo. Luka hakujihesabu kuwa miongoni mwa mashahidi wale wa kwanza. Aliipokea kazi yao, akaipanga, akaiandika ili msomaji wake awe na hakika ya mambo aliyofundishwa. Kanisa limebarikiwa kwa sababu ushuhuda wa watu hao ulichukuliwa wakati ulipokuwa bado unapatikana.

Katika sharika nyingi kazi ya namna hiyo hufanyika mara moja tu, jubilei inapokaribia. Huteuliwa kamati ya muda. Kamati hukusanya majina ya wachungaji na miaka ya utumishi wao, picha za jengo la zamani na la sasa, na hesabu ya waliobatizwa na waliopata Kipaimara. Sherehe ikiisha, kamati huvunjwa, na karatasi zilizokusanywa hubaki katika nyumba ya katibu, zikisubiri mchwa. Jubilei inayofuata huanza upya, na safari hiyo mashahidi ni wachache zaidi.

Dawa ya hali hiyo inajulikana: ni kuwa na kikundi cha historia cha kudumu, chenye wanachama, mikutano na daftari. Lakini kuundwa kwa kikundi si mwisho wa jambo. Vikundi vingi huzaliwa kwa shangwe na kufa kimya kimya. Swali linaloamua kama kikundi kitaishi ni hili: ni cha nani? Mzee anayeketi kueleza habari za zamani, je, ni mwenye historia, au ni kisima ambacho wengine huja kuchota maji na kwenda zao? Usukuma una mifano ya namna zote mbili, na usharika katika nchi ya Maswa unaweza kujifunza kutoka kwa yote.

Historia iliyochukuliwa

Wakati wa utawala wa Waingereza, maafisa waliandika katika Vitabu vya Wilaya habari za koo, watemi, mipaka na desturi, kadiri walivyoelezwa na wazee. Baadaye serikali ilimtumia Hans Cory, mzaliwa wa Austria, kuchunguza mila za makabila mbalimbali ya Tanganyika. Kitabu chake juu ya sheria na desturi za Wasukuma kilichapishwa mwaka 1953, nacho ni hazina kubwa hata leo. Hata hivyo kiliandikwa kwa Kiingereza, na shabaha yake ilikuwa kuwasaidia watawala na mahakama. Wazee waliotoa maarifa hayo hawakuwa wasomaji waliokusudiwa.

Baada ya Uhuru, wasomi wa Tanzania walitaka historia iandikwe kwa sauti ya wananchi wenyewe. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, iliendesha mradi wa utafiti juu ya Vita vya Maji Maji. Wanafunzi walikwenda vijijini wakawahoji wazee waliokumbuka vita vile vya mwaka 1905 hadi 1907, au waliosimuliwa na wazazi wao. Katika mwaka huohuo Chama cha Historia cha Tanzania kilitoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo kilichotayarishwa na G.C.K. Gwassa na John Iliffe. Kazi hiyo ilikuja kwa wakati wake. Kama ingecheleweshwa miaka 20, sehemu kubwa ya mashahidi hao wangekuwa wamelala.

Mradi ule uliwaheshimu wazee kuliko vitabu vya maafisa wa kikoloni. Lakini hata hapo utafiti ulikuwa na mwanzo na mwisho, na makao yake yalikuwa chuoni. Mzee alikuwa shahidi; hakuwa mwanachama. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, kwa maana ndivyo utafiti wa vyuo ulivyo. Usharika, hata hivyo, hauendeshi utafiti wa chuo. Mzee anayehojiwa Jumatano ndiye atakayeketi kanisani Jumapili, na wajukuu wake ndio wanakwaya.

Historia iliyokaa nyumbani

Mfano wa pili unatoka Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya jiji la Mwanza. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, alianza pale kazi ya kukusanya ngoma, vifaa vya watemi, nyimbo na mapokeo ya Wasukuma. Matunda yake ni Makumbusho ya Usukuma, ambayo yanajulikana ndani na nje ya nchi. Padre huyo hakufanya kazi peke yake. Ilikuwako kamati ya Wasukuma wenyewe, watu waliojua ni nani wa kuulizwa na kwa heshima gani. Tena kazi hiyo haikufungiwa ndani ya makabati. Kila mwaka, kuanzia sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana katika sherehe ya Bulabo. Yaliyokusanywa hurudi uwanjani, na watu huyaona kuwa yao.

Mfano wa tatu, ulio karibu zaidi na Maswa, ni wa Ndoleleji katika Mkoa wa Shinyanga. Padre Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll alikutana pale, kwa miaka mingi, na kikundi cha Wasukuma waliokusanya methali, hadithi, nyimbo na vitendawili. Wanakikundi hawakuishia kuandika methali. Walijadili maana yake, mahali inapotumiwa, na namna inavyoweza kuifungua Injili kwa wasikilizaji wa Kisukuma. Kutokana na kazi hiyo vilipatikana vitabu vya Kiswahili ambavyo Sybertz aliviandika pamoja na mwenzake Joseph Healey, kikiwamo Kueneza Injili kwa Methali. Mwaka 1996 wawili hao walitoa kitabu cha Kiingereza juu ya teolojia ya Kiafrika ya masimulizi, na methali za Wasukuma zikasomwa katika vyuo vya mbali.

Bujora na Ndoleleji zinafundisha jambo moja. Waliotoa habari ndio waliokaa kuzipima, na kilichopatikana kilirudi kwao kwa njia ya mahubiri, nyimbo, sherehe na vitabu vya lugha wanayoisoma. Kikundi kinachowarudishia wanachama wake kile walichokitoa hakihitaji kuwabembeleza waje mkutanoni.

Zinatoa pia onyo. Katika mifano yote miwili mwanzilishi alikuwa padre mgeni, mwenye elimu, muda na marafiki wa kuchangia. Usharika wa Kilutheri usisubiri mgeni wa namna hiyo. Uongozi wa kikundi uwe mikononi mwa washarika wenyewe tangu siku ya kwanza, ili mchungaji akihamishwa, au mhisani akichoka, daftari liendelee kuandikwa.

Nchi iliyohama na watu waliohamia

Maswa ina sababu zake za pekee za kuwa na kikundi kama hicho. Ya kwanza ni kwamba hata jina lenyewe limebadilika maana mara nyingi. Mji ambao leo unaitwa Maswa, wazee waliujua kwa jina la Shanwa, makao ya wilaya wakati wa ukoloni. Wilaya ya Maswa ya wakati huo ilikuwa kubwa, ikikusanya nchi za watemi kama Mwagala, Itilima, Kanadi, Ntuzu na Dutwa. Utawala wa watemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Baadaye sehemu za wilaya hiyo zikawa wilaya zinazojitegemea, na mwaka 2012 Maswa, pamoja na Bariadi, Meatu, Itilima na Busega, ikawa katika mkoa mpya wa Simiyu. Kijana anayetafuta habari za babu yake akiangalia jina la wilaya au mkoa wa leo peke yake, anaweza kutafuta katika majalada yasiyo yake.

Sababu ya pili ni Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 familia nyingi za Mkoa wa Shinyanga, uliokuwa na Maswa ndani yake, zilihamishwa kutoka katika miji yao iliyotawanyika na kukusanywa vijijini. Mahame yaliachwa, pamoja na makaburi na miti iliyokuwa alama. Mahali palipokuwa na ibada chini ya mti, au darasa la wakatekumeni katika boma la mtu, leo pengine ni shamba la pamba lisilo na dalili yoyote. Anayeweza kuonyesha kwa kidole mahali hapo ni mtu aliyekuwa na akili timamu mwaka 1974. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati huo sasa amepita miaka 60.

Sababu ya tatu inahusu Walutheri wenyewe. Katika nchi hii Injili haikuanza na Walutheri. Nassa, ambayo leo imo katika Wilaya ya Busega, ilikuwa kituo cha misioni ya Kianglikana tangu karne ya 19, na mwaka 1909 kikakabidhiwa kwa misioni ya Africa Inland. Wakatoliki walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa, mwaka 1883. Walutheri wengi wa miji ya Usukuma, au wazazi wao, walifika kama walimu, waganga wa hospitali, wafanyakazi wa reli, makarani na wafanyabiashara, kutoka Iramba, Bukoba, Kilimanjaro na kwingineko. Reli ya kutoka Tabora hadi Mwanza, inayopita Malampaka, ilifunguliwa mwaka 1928, nayo iliwaleta watu pamoja na mizigo. Kwa hiyo historia ya Mlutheri wa Maswa ina mashina mawili: mahali alipoipokea imani na mahali alipoipanda.

Hapo nyaraka za misioni hazitoshi. Bukoba inatoa mfano. Wamisionari wa Bethel walipofika huko mwaka 1910, walikuta Wahaya ambao tayari walikuwa wameupokea Uinjilisti na kukusanyika bila mmisionari. Mtu akisoma ripoti za wamisionari peke yake, ataona usharika unaanza na mgeni aliyeandika ripoti. Vivyo hivyo, wamisionari Wajerumani walipoondolewa Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na wengi walipozuiliwa tena Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, kazi ilibebwa na walimu, wainjilisti na wazee wa Kanisa. Barua kwenda Ulaya zilipungua, lakini ibada hazikukoma. Miaka ambayo karatasi ni chache ndiyo miaka ambayo wenyeji walifanya kazi kubwa kuliko yote, na kumbukumbu zake zimo vifuani mwa watu.

Namna ya kukiendesha kikundi

Kikundi cha historia hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji utaratibu ambao watu wa kawaida wanaweza kuufuata bila kuchoka.

Kwanza, wanachama wachanganyike. Wazee wawe wanachama kamili, wenye haki ya kupendekeza, kusahihisha na kukataa. Vijana waliopata Kipaimara wawe miguu, macho na kalamu ya kikundi. Wawemo wanaotoka katika koo za wenyeji na wanaotoka katika familia zilizohamia. Katika jadi ya Wasukuma, vikundi vya kulima vya vijana vilikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, na kanuni ambazo kila mmoja alizijua. Watu wenye urithi huo hawashindwi kuendesha kikundi chenye mwenyekiti, katibu na mtunza kumbukumbu.

Pili, kalenda ya kikundi ifuate kalenda ya mkulima. Mvua zikianza, watu wapo mashambani, na njia za vijijini huwa za matope. Wakati huo kikundi kikutane mara moja kwa mwezi baada ya ibada, kusoma na kusahihisha yaliyoandikwa. Safari za kuwatembelea wazee na kukagua mahame zifanyike kiangazi, pamba ikiisha kuvunwa.

Tatu, mzee atembelewe kwa adabu. Waende wawili, mmoja wa kuzungumza na mmoja wa kuandika. Salamu zisiharakishwe, anayesema mwangaluka na kuondoka na majibu kabla ya kuketi hatapata kitu. Mzee aulizwe kwa lugha anayoiota ndotoni. Akieleza kwa Kisukuma, maneno yake yaandikwe kwa Kisukuma kwanza, kisha tafsiri ya Kiswahili iwekwe kando. Simu ya mkononi inaweza kunasa sauti, lakini sauti hiyo ihamishwe na kuandikwa mapema, kwa kuwa simu huharibika na huibiwa. Jina la msimulizi, tarehe na mahali viandikwe juu ya kila ukurasa.

Nne, miaka itafutwe kwa matukio. Si wazee wengi wanaotaja mwaka, lakini wengi wanakumbuka kilichotangulia na kilichofuata. Kikundi kiwe na orodha ya matukio ya kupimia: kufika kwa reli mwaka 1928, Uhuru mwaka 1961, kufutwa kwa utemi mwaka 1963, Azimio la Arusha mwaka 1967, kuhamia vijijini mwaka 1974, Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Mama akisema alibatizwa mwaka uliofuata baada ya kuhamia kijijini, tarehe imekwisha kupatikana, na kitabu cha ubatizo kinaweza kuithibitisha. Hata majina husaidia: mtu aitwaye Mabula alipewa jina la mvua.

Tano, masimulizi yanayopingana yaandikwe yote. Usukuma nzima inasimulia habari za Ng'wanamalundi, na hakuna vijiji viwili vinavyozisimulia sawasawa. Kikundi hakina kazi ya kumtangaza mshindi. Kiandike nani alisema nini, kisha kiache nafasi kwa ushahidi utakaokuja.

Sita, na hili ndilo la kukipa kikundi uhai, kila kilichokusanywa kirudi. Mzee asomewe maneno yake mwenyewe na kuulizwa kama ndivyo alivyosema. Familia yake ipewe nakala. Mara kadhaa kwa mwaka dakika chache za ibada, au za mkutano wa mtaa, zitengwe kusoma sehemu ya yaliyopatikana. Nakala moja ikae ofisini kwa usharika, nyingine ipelekwe Dayosisi, na ya tatu itunzwe mahali pengine, ili moto au mchwa wasimalize kazi ya miaka kwa siku moja.

Mambo yasiyopendeza kusemwa

Kikundi kikifanya kazi kwa uaminifu, siku moja kitakutana na habari zisizofaa kwa hotuba za sherehe: ugomvi juu ya kiwanja, fedha zilizopotea, mwinjilisti aliyetumika miaka mingi bila mshahara kisha akasahauliwa, washarika waliohama kwa uchungu. Kishawishi ni kuyaruka. Hapa Walutheri wana kielelezo chao. Mwaka 1528 Martin Luther alishiriki kuzikagua sharika za Saksonia, akakuta ujinga mkubwa wa neno la Mungu, hata miongoni mwa wachungaji. Hakuyaficha. Aliyaeleza waziwazi katika dibaji ya Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, na katekisimu hiyo ndiyo ikawa dawa. Usharika unaoijua historia yake ya kweli unajua pia ni nini unachopaswa kutubia na nani unayepaswa kumshukuru.

Jambo la pili ni wanawake. Orodha za jubilei hujaa majina ya wachungaji, wenyeviti na wafadhili, na wengi wao ni wanaume. Waliobeba mawe na maji ya kujengea, waliopika kwa ajili ya wageni wa semina, waliofundisha watoto nyimbo, mara nyingi wamo katika neno moja tu: akina mama. Kikundi kiwatafute kwa majina yao.

Kuwatafuta kuna maana nzito zaidi katika nchi hii. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1970, mikoa ya Shinyanga na Mwanza imejulikana kwa msiba wa mauaji ya vikongwe, wanawake wazee waliotuhumiwa uchawi, pengine kwa sababu ya macho mekundu yaliyosababishwa na moshi wa jikoni. Bibi anayeishi peke yake, asiyetembelewa, ndiye anayesingiziwa kwa urahisi. Vijana wawili wa usharika wakiketi mlangoni pake kila baada ya wiki kadhaa wakiandika maneno yake, kijiji chote kinaona. Kinaona kwamba mama huyu ni maktaba ya Kanisa, na kwamba wapo watu wanaomngoja aendelee kuishi. Kikundi cha historia hakichukui nafasi ya polisi wala ya mahubiri dhidi ya uovu huo, lakini kinaweza kuwa ukuta mdogo kati ya mzee na upweke wake.

Baada ya sherehe

Yoshua aliwaagiza Waisraeli wachukue mawe 12 kutoka mtoni Yordani, ili siku watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kuwajibu (Yoshua 4). Mawe yale hayakuzungumza yenyewe. Yalihitaji mtoto wa kuuliza na mzazi wa kujibu. Kitabu cha jubilei ni jiwe la namna hiyo. Kikiwekwa kabatini bila mazungumzo kukizunguka, baada ya miaka michache hakuna atakayejua picha ya ukurasa fulani ni ya nani.

Kwa hiyo kazi inayofaa kufanywa katika mwezi wa kwanza baada ya sherehe ni ndogo na ya wazi. Kitabu hiki kipelekwe kwa washarika wazee kuliko wote, mmoja baada ya mwingine, kisomwe mbele yao, nao waulizwe: ni jina gani limeachwa, ni mwaka gani umekosewa, ni nani huyu katika picha? Majibu yaandikwe katika daftari jipya, na waliojibu waandikwe ukurasa wa kwanza kuwa wanachama waanzilishi. Hapo wenye historia na waandishi wa historia watakuwa watu walewale, na Mungu aliyewaongoza baba na mama zao atatukuzwa kwa kumbukumbu zilizo za kweli.